Serikali ya Japani Iliyoangushwa Sebuleni kwa Bibi

Maskat, Jumatano, Novemba 2008

Kwa Bibi Mahfoudha,
Mkuu wa Khabari za Ukoo,
Sebuleni.

Bibi mpenzi,

Baada ya kukubusu mkono, nakuandikia kutoka chumba cha pili kwa sababu mambo haya siwezi kuyasema huku unanitazama.

Kama unavyojua, mwalimu wetu amelifanya darasa kuwa Bunge la Japani. Mimi ni Waziri Mkuu. Binamu yangu Hamdan ni kiongozi wa upinzani. Jumamosi, wiki ya shule ikianza, nitasimama mbele ya darasa zima kuitetea serikali yangu, nami naogopa siku hiyo itafika sina serikali. Malalamiko yangu ni haya:

1. Khabari zako za simu zina upendeleo. Juzi ulimwambia Shangazi Muhsina wa Al Amerat, "Hamdan kanguruma bungeni mpaka mwalimu kakaa kitako." Kisha ukamalizia, "Na Muatasim naye alikuwepo." Bibi, nilisoma bajeti nzima. Baba alipokuuliza, ukamjibu, "Mie niko na upinzani. Serikali ina watu wake." Sijawaona watu hao.

2. Siku moja uliponitangaza mimi kwenye simu, ulichotangaza ni kikohozi changu. Mama yake Bakhit, yule ninayesoma naye, akaleta asali. Ni vigumu kuongoza nchi huku wapinzani wanakuuliza kama koo limefunguka.

3. Hili ndilo kubwa. Jana alasiri, kwenye kahawa, uliitisha kura ya kutokuwa na imani nami: "Asomtaka Muatasim atikise kikombe." Shangazi Wadha akatikisa. Lakini alikuwa keshakunywa vikombe vitatu, na sote hapa hutikisa kikombe tukitosheka. Hakunipinga, alitosheka na kahawa. Wewe ukanyanyua simu ukatangaza kwamba serikali imeanguka. Leo asubuhi Bakhit amenipa mkono wa pole mlangoni mwa darasa. "Ndo siasa, sheikh," akaniambia.

Nimesoma kwamba Waziri Mkuu wa Japani akishindwa kura kama hiyo ana siku kumi: ajiuzulu, au alivunje Baraza la Chini. Baraza lenyewe ni sebule yako. Siwezi kuivunja.

Kwa hivyo naomba kura irudiwe kwa kunyoosha mikono. Kila pumzi unayompa Hamdan kwenye simu, nami nipewe moja. Na Shangazi Wadha asimiminiwe kahawa mpaka Bunge liahirishwe.

Nisalimie wote waliokaa hapo, na Shangazi Wadha zaidi, ambaye sina kinyongo naye.

Mjukuu wako mtiifu, ambaye bado anajihesabu Waziri Mkuu,
Muatasim

N.B. Hamdan amepita sasa hivi na ujumbe wa mwalimu. Kwa kuwa Japani siku hizi mawaziri wakuu hawadumu, Jumamosi tunabadilishana viti: yeye serikali, mimi upinzani. Basi nayafuta yote niliyoandika. Khabari zako ni za haki, usibadilishe hata neno, na ukumbuke ulivyomwambia Baba. Shangazi Wadha aanze kumiminiwa mapema.