Vita vya Kigingi cha Thelathini na Moja

Njooni, enyi mliosubiri reli hadi mkasahau mlikuwa mnakwenda wapi! Tueni majembe, zimeni bodaboda, msikilize habari za Asuman bin Latifu, Simba wa Koboko, Mlinzi wa Vigingi, mjukuu wa askari waliotoka Sudani kwa miguu, yeye aliyevaa koti la kung'aa la kazini hata Ijumaa msikitini.

Reli hiyo ilikusudiwa kutoka mji wa Arua, ipite Koboko, ivuke mpaka iingie Sudan Kusini. Miaka sita ilipimwa kwa vigingi, na miaka sita hatukuona hata msumari. Wengine walisema ni mvua, wengine ni karatasi zilizolala mpakani, wengine wakaapa kwamba mataifa mawili hayajapatana juu ya upana wa njia. Asuman alizieleza sababu hizo zote katika kila kibanda cha chai, akitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu asiye na kosa.

Ndipo barua ikamfikia kutoka ofisi ya reli ya Arua. Kigingi cha thelathini na moja, kule Lobule, kimetoka mstarini hatua kumi na tano. Wahandisi wa nchi mbili watafika Alhamisi adhuhuri. Wakikikuta hapo kilipo watarudi makwao, upimaji uanze upya, na mlinzi avue koti. Asuman aliisoma mara tatu, akaketi chini. Maana aliyekihamisha kigingi kile ni yeye.

Mwaka uliopita Mama Elena, mjane wa Lobule, alimpakulia ugali wa muhogo na kunde zilizoungwa kwa simsim, ule ufuta wa kusaga, akangoja anawe mikono, kisha akamwomba akisogeze kile kijiti, kwani kilikuwa kando ya jiwe analoanikia muhogo. Na mgeni aliyekula akakataa ombi dogo la mwenye nyumba, atasemwa kutoka Lobule hadi Arua. Asuman akasogeza. Ulafi ukishashiba hujiita adabu.

Basi Alhamisi asubuhi shujaa alipanda baiskeli yake isiyo na breki, nyundo begani, akashuka Lobule. Mama Elena alikuwa amekwisha kupakua. Harufu ya simsim ikamshambulia pande zote, na tumbo lake, msaliti wa siku nyingi, likapiga ngoma upande wa adui.

"Mama," akasema akiwa wima, "mimi Asuman, ambaye sijawahi kurudisha sahani na kitu ndani yake, leo nimekuja bila mdomo. Chakula chako kilinishinda mwaka jana, na reli ya nchi mbili ikapinda. Sitaonja hata tonge mpaka kigingi kirudi."

Kukataa chakula cha mjane ni jambo zito kwetu. Simba alijiona mbaya kuliko mwizi wa mbuzi. Mama Elena alifunika sahani taratibu.

"Mwenye anakula, huyo mugeni," akasema. "Mwenye hakuli, huyo iko mutu ya kazi. Mutu ya kazi mimi siwezi omba kitu. Lakini reli ikikuja, jiwe yangu itaenda wapi?"

Asuman, aliyekuwa na jibu la kila swali katika vibanda vya chai, alikiri kwamba hajui. Akamwambia ataliandika swali hilo. Kisha akauhamisha muhogo wote kwa mikono yake, akapima hatua kumi na tano, akakipigilia kigingi mahali pake pa asili huku jasho na njaa vikimshindania.

Wahandisi walifika, wakachungulia katika chombo chao, wakaitikia kwa kichwa. Wakampa fomu. Palipoulizwa sababu ya kuchelewa kwa mradi, kalamu ya shujaa ilipita mvua, ikapita mpaka, ikaandika: *Nilikuwa nakula.* Chini yake akaongeza: *Jiwe la Mama Elena nalo lipimwe.*

Ndipo akafunuliwa sahani. Ugali ulikuwa umepoa.

Wasimulieni wajukuu: Alhamisi ile reli ya mataifa mawili ilisogea hatua kumi na tano. Haikusogea mbele, ilisogea kando. Lakini katika miaka sita ndiyo mara pekee iliposogea kwenda inakotakiwa, na aliyeisogeza alikuwa na njaa.