Wadhamini wa Huzuni

Kwa furaha kubwa, Idara ya Uhakiki wa Viza za Masomo ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu hakuna atakayepewa viza ya kusoma ng'ambo kabla hajaleta wadhamini watatu wa huzuni, yaani watu watatu wa kuapa kwamba asiporudi, wataumia. Kanuni hiyo aliitunga mkurugenzi mwenyewe, bila kumsumbua mtu kwa kumwomba ushauri, na kila alipopita mlangoni alipoibandika alijipongeza kimoyomoyo. Asiye na wa kumlilia, alisema, arudi kufanya nini?

Wa kwanza kufika alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi aliyepata nafasi ya kusomea ukunga. Alikuja na watu arobaini na mmoja: mama yake, mashangazi, wagonjwa, hata mlinzi wa geti la hospitali, wote macho mekundu.

Mkurugenzi akatikisa kichwa. "Binti, hawa wamezidi."

"Si mlitaka watatu, mheshimiwa?"

"Anayependwa hivi atawavuta wote wamfuate. Ombi limekataliwa."

"Ningeleta wawili je?"

"Usingependwa vya kutosha."

Muuguzi alimtazama kama anavyotazama jipu. "Haya," alisema, "angalau nimejua ugonjwa uko wapi." Akaondoka na msafara wake. Mkurugenzi akaandika kwenye ripoti kwamba mteja ameridhika.

Mwezi haukupita, mkurugenzi naye akaitwa ng'ambo, kozi ya wiki sita ya usimamizi wa viza. Suti ilishashonwa. Karani wa dirishani, dada mpole asiyepandisha sauti, akamsukumia fomu.

"Mimi tena?"

"Ni masomo, mkurugenzi. Kanuni haichagui."

Alianza na dereva wake. Dereva aliisoma fomu mara mbili, akajikuna kisogo. "Bosi, hapa chini uliandika anayedanganya huzuni anafungwa miezi sita. Mimi nina watoto."

Mkewe alikuwa akikunja nguo. "Wiki sita tu?" aliuliza, uso ukimshuka.

"Fomu inasema, nisiporudi kabisa."

Uso ukachanua. "Hapo sasa siwezi kusaini, baba watoto. Mimi na serikali hatudanganyani."

Akabaki na mama yake mzazi. Bibi yule alivaa miwani, akasoma hadi mwisho, akamrudishia kalamu taratibu. "Mwanangu, nakupenda. Lakini ulipokwenda semina mwaka jana, presha yangu ilitulia. Daktari mwenyewe alishangaa."

Mkurugenzi aliirudisha fomu dirishani ikiwa tupu.

Ijumaa karani alisimama katikati ya ofisi, akasoma uamuzi: mwombaji hakupata mdhamini hata mmoja, kwa hiyo haendi popote.

Mtunza mafaili akaanza kulia kwa kwikwi. Mhasibu akajifunika uso. Dereva, pale mlangoni, akaangua kilio kama aliyefiwa.

Mkurugenzi aling'aa. "Mnaona? Wananililia! Waandike wote!"

Karani, kwa kuwa kanuni ni kanuni, alichukua fomu akamwendea kila mmoja, akamuuliza kwa sauti ya chini, akaandika, akarudi.

"Machozi ni halali, mkurugenzi, nimeyahakiki," alisema. "Ila wanalia kwa sababu unabaki."

Akagonga muhuri, akatoa leso, akajifuta macho na yeye.