Mtoto Niliyempeleka Kliniki

Leo aibu imenikuta kliniki, mchana kweupe, mbele ya akina mama wa benchi tatu nzima. Niko chumbani nimejifunika blanketi, naandika. Simu sipokei.

Kwa wasionijua humu: mimi ni Mama Yustina, nauza mbegu na mbolea kwenye duka la mtu binafsi hapa Sumbawanga. Yustina bado mchanga. Likizo ya uzazi ilipoisha, mama mkwe alipanda kutoka Milepa kuja kutulelea. Analea wawili: Yustina wangu, na Deo wa wifi yangu Salome, anayeuza dagaa wa Kirando sokoni. Watoto wamepishana siku chache tu, na wote wamemfuata bibi yao: paji pana, mashavu kama maandazi.

Mama mkwe hajawahi kuniambia niache kazi. Majirani wetu wa Katandala ndio wenye maneno. "Mtoto kaachiwa bibi, mama anauza mbolea!" Salome yuko sokoni tangu alfajiri, hasemwi. Eti yeye anatafuta mboga, mimi napenda mshahara. Limekuwa likiniuma hilo. Ndiyo maana leo nilitaka nionekane nikimpeleka mwanangu kliniki.

Nikaomba ruhusa kwa bosi. "Nenda, ila uwahi. Msimu huu wateja hawangoji unyonyeshe." Bodaboda mpaka nyumbani. Baridi yetu mnaijua. Mama mkwe alikuwa uani anafua nepi, watoto wamelala kitandani kwake, wamefunikwa hadi puani. Nikaona kofia ya pinki ya Yustina. Nikaibeba. (Ndivyo ilivyokuwa. Nilibeba kofia, mtoto akafuata.)

"Mama, namchukua Yustina, tunawahi kliniki!"

"Haya mwanangu, mfunike vizuri!"

Nikamfunika vizuri. Vizuri mno.

Kliniki, foleni. Mtoto akaamka analia, nikamnyonyesha chini ya kitenge. Akanyonya kama anachimba kisima! Bibi mmoja aliyemleta mjukuu akaitazama sare yangu ya dukani.

"Kumbe mfanyakazi. Na huyo mtoto anakujua?"

Ningenyamaza tu. Lakini wapi! Nikapaza sauti benchi zote zisikie: "Shikamoo bibi. Mtoto hamsahau mama yake kwa sababu mama anafanya kazi. Ona anavyonyonya! Damu inajuana!"

Mmoja akapiga makofi. Ndipo nikanogewa. Nikasema kulea ni kazi ya familia nzima, nikasema mwanamke mwenye kipato chake haombi hela ya chumvi. (Sikualikwa kuhutubia. Nilikwenda kupima uzito.)

"Yustina!" nesi akaita.

Nikasimama kichwa juu. Nikamlaza mezani, nikatoa shali, sweta, nikafungua nepi.

Nikaifunga haraka.

"Vipi, Mama Yustina?"

"Sista, leo baridi kali. Tumpime na nguo zake."

"Hatupimi nguo, mama." Akaifungua mwenyewe. Mtoto naye hakunisitiri! Akarusha mkojo juu, ukatua kifuani pangu, palepale penye jina la duka.

Nesi akamtazama mtoto, akatazama kadi, akanitazama mimi.

"Mama, Yustina ni wa kiume?"

Benchi ya mbele ikaangua kicheko. Ya nyuma ikasimama ili ione. Lakini yule bibi hakucheka. "Na alivyokuwa anasema damu inajuana! Huyu kaiba mtoto!"

Kicheko kikakatika. Mlinzi akaja kusimama mlangoni. Dada niliyekaa naye akamvuta mwanawe mbali nami. Hapo, jamani, mzaha uliisha.

"Ni Deo, mtoto wa wifi yangu," nikasema.

"Na wako yuko wapi?"

"Nadhani yuko nyumbani."

Nadhani! Mama mzima, naulizwa mwanangu alipo, najibu nadhani. Machozi yakanitoka.

Kabla sijaitoa simu, bodaboda ikaingia getini. Salome mbele, mama mkwe nyuma, Yustina mgongoni kwa bibi yake, wamebanana mshikaki. Kumbe Salome alikuwa amerudi nyumbani kunyonyesha, alipombadilisha mtoto nepi akapiga yowe. Aliingia ananuka dagaa, wala hakusalimia mtu.

"Wifi, umeniibia mwanaume! Umemnyonyesha?"

"Ndiyo."

"Yote mawili?"

"Yote."

"Basi tumelingana. Wako nami nimeshamnyonyesha."

Benchi zikaanza upya kucheka. Mimi nilikuwa namngoja mama mkwe aniseme. Nilistahili. Badala yake akamgeukia yule bibi, aliyekuwa bado ananung'unika "mwizi, mwizi."

"Dada, kofia nilimvisha mimi, ya Deo ilikuwa haijakauka. Huyu mkwe wangu anaamka kabla yangu, anapika uji wa ulezi ndipo aende kazini. Leo kakosea mtoto mara moja, mnamwita mwizi? Baba zao hawajawahi kukosea, kwa sababu hawajawahi kubeba!"

Vigelegele! Hata nesi alipiga. Mimi ndiyo kwanza nikazidi kulia. Kutetewa mbele za watu huku mkojo unakukaukia kifuani, sijui niwaelezeeje.

Watoto wakapimwa wote wawili, wazima. Nikarudi kazini nimechelewa, nanuka. Bosi akaitazama sare, akarudi nyuma hatua. Habari zilikuwa zimeshafika dukani kabla yangu. Mteja wa kwanza akaniambia, "Dada, naomba mbegu za ulezi. Ila uangalie vizuri, usije ukanipa mahindi."

Jioni mume wangu aliporudi, mama yake alimpakatisha watoto wote wawili kabla hajavua viatu, akaniambia mimi nikalale. Sasa hivi namsikia sebuleni, sauti imepungua kabisa: "Mama, hivi wangu ni yupi?"

Naombeni asicheke mtu. Hata yeye hacheki.