Stika ya Pascoe

31 Januari, Jumamosi
Chipu imefika! Kompyuta yangu ya mwaka 1985 itapata programu mpya ya kuiamsha, na tarehe 14 kombe la klabu ya kompyuta kuukuu ya Mildura litakuwa langu. Miaka kumi na moja linalala kwa Pascoe. Inatosha. Aibu ni moja tu: aliyeiandika programu hiyo kwenye chipu ni Pascoe mwenyewe, maana mashine ya kuandikia chipu anayo yeye peke yake. Alichotaka ni chai na keki mbili za mke wangu, Glenys. Ana roho nzuri, jambo linaloniudhi sana.

1 Februari, Jumapili
Nimeing'oa chipu ya zamani kwa kisu cha siagi. Glenys ameuliza kisu kiko wapi. Nimesema sijui. Mpya imeingia, miguu yote ishirini na minane. Kompyuta imewaka, ikalia pii! Nimeibusu. Kisha nikaiona stika nyeusi juu ya chipu: PASCOE, kwa herufi kubwa. Kompyuta yangu iwe na jina la mtu mwingine tumboni? Nimeibandua. Chini yake kuna kidirisha kizuri cha kioo. Kwa nini alikificha? Wivu tu.

2 Februari, Jumatatu
Nimeiweka barazani, kifuniko wazi, majirani wapate kuona. Jua kali tangu asubuhi. Glenys amesema niirudishe ndani. Nimemwambia mambo ya ufundi aniachie mimi. Itakaa hapo hadi siku ya kombe.

14 Februari, Jumamosi
Maafa! Nimebonyeza swichi mbele ya klabu nzima. Skrini nyeusi tii. Waamuzi wakapita bila kuandika kitu. Pascoe akachungulia ndani, akauliza polepole, "Des, ndugu yangu, stika yangu iko wapi?" Nikasema imebanduka yenyewe. Akanieleza kwamba jua likipenya kile kidirisha siku nyingi, linafuta programu yote. Stika ilikuwa pazia. Jina aliliandika ili asichanganye chipu zake. Akaliacha kombe lake mezani, akaenda kwake kuiandika upya, akarudi. Tumeichomeka pamoja. Pii! Nusura nilie. Kusema kweli nampenda yule mzee.

15 Februari, Jumapili
Stika mpya nayo imeandikwa PASCOE. Nampenda, lakini si kiasi hicho. Nimeibandua. Nimebandika yangu, DESMOND, ya plastiki isiyoficha kitu, ili kidirisha kionekane. Kombe la mwakani hilo. Nimeirudisha barazani. Leo jua ni zuri ajabu.