Friji ya Mama Mkwe

Jamani, heshima yangu imekwisha leo asubuhi, kichwa kikiwa ndani ya kabati la friji. Naandika nikiwa saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kwa sababu nyumbani sijui niangalie wapi. Someni polepole, na mtu asicheke kabla sijamaliza.

Kwa wale wageni humu jukwaani: mama mkwe wangu yuko kwetu Woodley, hapa Nairobi. Ana presha ya macho, na daktari amesema asipotibiwa atapoteza jicho la kushoto. Shida ni kwamba kwetu Bungoma, mama halali chini ya paa la mume wa binti yake. Hatupeani mkono. Akipita huku, mimi napita kule. Mama alikuwa tayari kubaki kijijini apofuke kuliko kulala ndani ya nyumba yangu.

Ndipo nikaazima kombi. Ni ile kuukuu ya rafiki yangu aliyekuwa akipeleka watalii mbugani. Ina kitanda, jiko la ukubwa wa sahani, na friji ndogo ya gesi. Nikaiegesha uani. Nafula, mke wangu, akamwambia mama yake, "Hii ni nyumba yako, Mama. Iko na magurudumu, hata si ya hapa." Mama akaizunguka, akagonga bati, akakubali. Siku hiyo nilijiona nina akili kuliko wazee wote wa ukoo.

Tatizo likawa friji. Dawa za macho zinataka baridi, na nyumbani hatuna friji nyingine. Hii ya kombi moto unawaka, lakini ndani ni joto kama mfuko wa shati. Nikabadilisha mpira wa gesi, mpya kabisa kutoka River Road. Wapi! Tukawa tunaweka dawa kwenye thamosi, na barafu tunaomba buchani. Mama alipogundua kwamba barafu inaombwa, akaanza kukunja nguo zake. "Mimi nitarudi nyumbani. Sitaki kusumbua watu."

Ndiyo maana juzi niliwauliza humu, nanyi mkanijibu: friji ya gesi ikiinama haipoi, ikalishe sawasawa, halafu safisha masizi kwenye kichomeo. Asanteni sana. Aibu ya leo tunagawana.

Asubuhi Nafula alimpeleka mama kliniki. Nikaona nafasi ndiyo hii. Kuingia kwenye nyumba ya mama mkwe ni mwiko, lakini mwenyewe hayupo, na mwiko usioonwa na mtu ni mwiko gani? (Msijibu.) Nikaweka bakuli la maji sakafuni. Maji yote yakakimbilia upande wa nyuma. Kumbe ua wetu una mteremko! Nikapiga jeki, nikachomeka mawe bapa chini ya magurudumu ya nyuma, mpaka maji yakatulia katikati ya bakuli.

Yakabaki masizi. Sasa, nilikuwa nimevaa za ofisini, maana Jumamosi tunafanya kazi nusu siku na nilikuwa nimeomba ruhusa ya kuchelewa kidogo. Suruali nikaivua. Nikachukua leso ya Nafula kwenye kamba ya nguo, ile ya maua mekundu, nikajifunga kiunoni. Nikafunga gesi, nikapiga magoti, nikaingiza kichwa na mabega ndani ya kabati la chini, nikakipuliza kichomeo kwa nguvu zote.

Masizi ya miaka yote yakanirudia usoni. Nilikuwa bado natema nikasikia mlango wa kombi ukivutwa.

"Nafula? Kumbe umenipita?"

Mama mkwe!

Mambo yenyewe nimeyaelewa baadaye. Walirudi mapema. Nafula alimwacha getini akiongea na jirani, yeye akaenda kununua unga. Na kule kliniki walikuwa wamemtia mama dawa ya kupanua mboni, kwa hiyo alichoweza kuona ni rangi tu. Rangi aliyoiona ilikuwa maua mekundu ya binti yake, yameinama.

Nifanye nini? Nikitoa kichwa, ataona uso. Nikijibu, atasikia sauti. Nikaguna tu.

"Mh."

Akakaa kitandani. Akavua viatu. (Ndugu zangu, mama mkwe anavua viatu na mimi niko pale pale miguuni, nimevaa leso!)

"Wacha hiyo friji," akasema. "Kesho nipandishe basi niende zangu."

"Mh-mh," nikakataa, kwa sauti nyembamba niliyoweza kuipata.

"Si dawa, mwanangu. Ni bwana yako. Kila asubuhi namsikia anazunguka hii gari, anagusa magurudumu, anaguna. Mtu mzima! Amekonda. Mlipooana nilisema huyu kijana wa ofisi hata jembe hajui kushika, atakusaidia nini. Nilisema mbele ya watu. Leo ndiye ananihangaikia kuliko wale nimezaa. Na hata asante siwezi kumwambia. Nitamwambia nikisimama wapi?"

Jamani! Nimemwoa Nafula miaka tisa sasa, na sikuwahi kujua kama mama huyu ananipenda au ananivumilia tu. Nikaanza kulia mle mle kabatini, mwanamume mzima. Machozi yakachanganyika na masizi, masizi yakapanda puani.

Nikapiga chafya. Mnaojua chafya yangu mnaijua. Kichwa kikagonga dari ya kabati, bakuli la maji likapinduka, fundo la leso likafunguka. Nikaidaka leso kwa mikono yote miwili na kugeuka kabla sijafikiri. Uso mweusi tii, tai shingoni, leso kiunoni.

Mama akafinya macho. Akaniangalia. Kisha akajifunika uso kwa kitambaa chake, akageukia dirishani.

Jirani yetu, Mama Wanjiku, akaja mbio kutoka getini. "Mama, ni nini imeanguka? Kuna mtu huko ndani?"

Nikajua nimekwisha. Jioni haitafika kabla Woodley yote haijasikia. Mama hatangoja hata hiyo kesho, ataondoka leo, na jicho lake ndiyo basi tena.

"Ni fundi," akasema mama mkwe, bado ameangalia dirishani. "Fundi wa friji."

Mama Wanjiku akachungulia. "Fundi gani huyo anavaa leso?"

"Mimi nitajulia wapi? Mafundi ni wenu, nyinyi watu wa Nairobi."

"Na tai?"

"Si ndiyo nakwambia ni wa Nairobi!"

Fundi akafungua gesi, akawasha kibiriti. Moto ukawaka wa bluu, safi. Fundi akatoka kinyumenyume bila kuaga mtu, akajifungia bafuni. Ofisini sikuonekana.

Mchana nilikuwa mezani peke yangu, najifanya nasoma gazeti, Nafula akaingia na sahani iliyofunikwa. Midomo inamcheza.

"Mama amechinja ile kuku alikuja nayo. Amesema hii ni chakula ya fundi."

"Anaondoka kesho?"

"Anasema friji imeanza kupoa. Dawa ameweka yeye mwenyewe. Atakaa mpaka daktari amalize."

Nikafunua. Ugali, mchuzi, na juu kabisa, firigisi.

Msio wa kwetu, nisikilizeni. Fundi hapewi firigisi. Mgeni wa kupita hapewi. Hata mtoto wa kiume hapewi baba yake akiwepo. Firigisi ni ya mwenye boma.

Nafula akaniuliza mbona macho yamekuwa mekundu. Nikamwambia ni masizi.

Basi, nawaomba msicheke. Na atakayeshindwa, akinikuta Ngong Road aniite Fundi, maana hicho cheo nimekivulia suruali.