Mafuta Yangu ya Mchaichai

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Kijijini Goweko. Konokono wamekula kabichi kumi na moja. Viwavi wamemalizia makombo. Jirani yangu Octavian hajaliwa hata jani, na anapita kwenye uzio wangu akipiga mluzi. Jumamosi katekista anakagua bustani. Atakayechaguliwa, kabichi zake zitatangulia kwenye maandamano ya shukrani ya mavuno, Jumapili. Miaka mitatu mfululizo ni Octavian! Mwaka huu hapana. Redioni wamesema mafuta ya mimea hufukuza wadudu na konokono. Mchaichai ninao kichaka kizima. Mke wangu Apolinaria akaanza kusema kwamba baba yake, mfuga nyuki, naye hutumia mchaichai. Nikamkatiza. Mimi nina shida na konokono.

Jumanne, 12 Agosti
Kiwanda kimesimama nyuma ya jiko! Sufuria, bomba, ndoo ya maji baridi. Mvuke unapanda, unapoa, mafuta yanadondoka. Saa nne akafika mzee Masele na kikombe chake mwenyewe. Alidhani napika pombe ya gongo. Nilimweleza kuwa hii ni sayansi. Akaondoka kwa huzuni. Magunia mawili yametoa kichupa kimoja. Lakini kichupa gani! Kijiji kizima kinanukia akili zangu.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimechanganya na maji ya sabuni, nimepulizia siku mbili. Konokono wamefunga safari! Nimewaona kwa macho yangu wakivuka kwenda kwa Octavian. Nimewapungia mkono.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimechaguliwa! Mimi, Kasimiri! Katekista alifunua majani, akatafuta kiwavi, akakosa. Octavian alinipa mkono huku akitazama pembeni. Nimepanga kabichi sita kwenye kasha kubwa la mbao barazani. Ili mdudu asithubutu, nimelipaka mafuta makali ndani na nje. Kifuniko nimekigongomea, nikaacha tundu la hewa. Jioni Apolinaria aliuliza mbona nyuki wawili watatu wanaingia na kutoka. Nikamjibu wamekuja kuaga.

Jumapili, 17 Agosti
Naandika kwa jicho moja. Asubuhi nilienda kunyoa, niliporudi kasha lilikuwa zito kuliko jana. Kabichi zenye afya, nikasema. Nilitangulia maandamano, kasha kichwani, kwaya nyuma yangu. Sijawahi kujisikia mkubwa hivyo! Kasha lilikuwa linavuma, nikadhani ni ngoma. Mbele ya altare nikabandua kifuniko.
Kundi zima la nyuki! Kanisa likabaki tupu kabla kwaya haijamaliza ubeti. Padre alitoka nje kupitia dirisha. Octavian amechomwa mara mbili. Mimi kumi na tisa. Hata hapo nimemshinda. Baba mkwe peke yake alibaki, akafukiza moshi kidogo kwa chetezo, akafunga kasha, akaliondoa taratibu.

Jumatatu, 18 Agosti
Apolinaria amenieleza polepole, kama anayefundisha watoto wa komunyo, kwamba wafuga nyuki wote wa huku hupaka mchaichai ndani ya mzinga mpya ili kuita nyuki. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Amechukua ndoo, akaenda kuteka maji.
Katekista amependekeza mwakani nitoe mahindi. Wivu! Mle kanisani nani aliona konokono? Hakuna.
Mchana amekuja baba mkwe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anacheka. Kundi kubwa vile hajapata tangu aanze kufuga. Ana mizinga mitano mitupu, akaomba mafuta yaliyobaki. Nimemkatalia kwa heshima. Nimemweleza kuwa ile ni dawa ya kufukuza wadudu.