Meja Parallel Hakuwahi Kuzaliwa

Jamani, fungeni mlango kwanza. Leo nimejiaibisha mbele ya jeshi.

Mnajua tangu mwezi uliopita nafundisha makuruta kusoma ramani kule kambini. (Mkenya, ndani ya jeshi la nchi jirani, siku hizi watu wanapopotea! Mama akisikia atazimia.) Asubuhi nimechora mistari miwili ubaoni, nikaandika juu yake neno la Kiingereza: "parallel". Nikaeleza kuwa ni mistari iliyonyooka, inakwenda sambamba, haikutani hata ukiivuta mpaka Kongo. Wakaandika wote. Nikajiona mwalimu kweli.

Kapteni wao alikuwa amekaa nyuma. Akasimama.

"Mwalimu, maana nimeelewa. Sasa hii neno ilitoka wapi?"

Sijui! Kwani mimi nilisomea maneno? Lakini wiki iliyopita fundi wa redio alimjibu "sijui", akaambiwa anaficha habari. Hatujamwona tena. Jasho likanitoka mpaka soksini, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni jina la mtu, Afande. Meja Parallel, Mwingereza. Alipanga askari wake mistari miwili, na hawakugongana hata siku moja."

(Meja Parallel! Nimemtoa wapi mimi?)

Kapteni akafurahi. "Kumbe ni neno ya jeshi!" Akatoa daftari, akaandika. "Mchana nitaambia wakubwa. Alipigana vita gani?"

"Vita... vingi, Afande."

Hapo kuruta mmoja mwembamba, Opio, aliyewahi kusoma seminari, akanyoosha mkono. Nikamkonyeza aushushe. Hakuushusha.

"Afande, sisi tulifundishwa ni Kigiriki. Para ni kando. Allelon ni mmoja na mwenzake. Yaani kitu iko kando ya mwenzake."

Kalamu ya Kapteni ikasimama.

"Mmoja wenu anadanganya jeshi," Kapteni akasema taratibu. "Nani?"

Sasa ndipo Opio akaushusha mkono. Nami nikaona wazi: nikinyamaza, mwalimu ndiye atakayeaminiwa, na mtoto wa watu atachukuliwa kama yule fundi. Niliogopa, jamani.

"Ni mimi, Afande. Huyo Meja nimemzaa sasa hivi."

Kapteni akachana ukurasa. Akanitazama. Halafu akacheka, nami nikazidi kuogopa.

"Wewe na Opio, nje! Munatembea kando-kando, munazunguka uwanja mpaka niseme basi. Mikono chini. Mukigusana, munaanza upya!"

Tumegusana mara nne. (Tatu ni mimi.) Makuruta wangu walijazana madirishani wakituhesabia: kushoto, kulia, kushoto! Wapishi nao wakatoka na miiko yao. Mzunguko wa tano suruali yangu ikaachia mshono nyuma, paa! Na mikono nimeambiwa chini. Nimezunguka uwanja mzima hivyo, mwalimu wa ramani, nchi yote iko wazi.

"Asante, mwalimu," Opio akaninong'oneza bila kugeuza shingo. Karibu nilie.

Nimerudi mzima, na kazi bado ninayo. Kwa hiyo tafadhali, asicheke mtu. Kesho somo ni "perpendicular", ile mistari inayokatana kama msalaba, na asili ya neno nimeshamwuliza Opio tulipokuwa tunatembea.